Waliohesabu Vifo Upareni

Mwishoni mwa mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala kwa mwito wa Shirika la Afya Duniani. Dawa mpya za kuua mbu zilikuwa zimefanya makubwa kusini mwa Ulaya baada ya vita, na swali likawa: je, zipulizwe na Afrika? Wengi walitegemea jibu jepesi, lakini palizuka ubishi. Upande mmoja ulitaka kazi ianze mara moja. Upande wa pili ulitaka watu waende taratibu, na miongoni mwa wasemaji wake alikuwemo Bagster Wilson, mkuu wa kikosi cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muheza na baada ya muda mfupi kikahamia Amani, katika milima ya Usambara.

Hoja ya kina Wilson ilikuwa hivi. Mtoto anayezaliwa penye malaria kali huugua mara kwa mara miaka yake ya mwanzo. Akinusurika, mwili wake hujenga kinga, na kinga hiyo hudumu maadamu anaendelea kuumwa na mbu wenye vimelea. Ukiwaondoa mbu kwa miaka mitano kisha fedha za mradi zikaisha, utakuwa umewavua watu kinga yao, na homa ikirudi itawakuta wakubwa kwa wadogo hawana kitu. Hoja hiyo ilikuwa na ukatili ndani yake, maana ukiifuata hadi mwisho utajikuta unakubali vifo vya wachanga viwe bei ya uzima wa wakubwa. Lakini haikuwa hoja ya kipuuzi, na hakuna aliyeweza kuijibu kwa maneno. Ilibidi pachaguliwe mahali, watu wahesabiwe, nyumba zipulizwe, kisha vifo navyo vihesabiwe. Mahali palipochaguliwa ni nyanda zinazoizunguka milima ya Upare Kusini pamoja na Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya.

Ukitoka Same mjini kwa barabara ya mashariki, milima inakaa mkono wa kulia na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto. Unapita Kisiwani, unafika Maore, kisha Ndungu na Kihurio, mpaka unapoikuta tena barabara kuu iendayo Korogwe. Mvua ya huku ni haba. Kinachoilisha Maore na jirani zake ni maji ya mlimani: mito kama Hingilili na Yongoma hushuka kwa kasi kutoka kwenye misitu, ikifika chini inatawanywa kwa mifereji hadi kwenye mpunga. Maji hayo ndiyo yaliyowafanya watu washuke kulima huku, na maji hayohayo, yakituama, ndiyo yaliyozaa mbu.

Wazee wa Kipare hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba tambarare ina homa. Kwa karne nyingi Vaasu, kama Wapare wanavyojiita, walijenga juu, kwenye baridi na chemchemi, wakachimba ndiva za kukusanyia maji na mifereji ya kuyashusha shambani. Mlima uliwakinga dhidi ya wavamizi wa nyikani na uliwakinga dhidi ya homa vilevile. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeiandika historia ya Upare kwa kina kuliko mwingine yeyote, alionyesha jinsi himaya ndogondogo za milimani zilivyofungamana na maji na ardhi ya juu. Mambo yalianza kugeuka Wajerumani walipojenga reli kutoka Tanga kwenda Moshi, ikipita chini ya milima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mashamba ya mkonge yakafuata. Vurugu za nyikani zikatulia, ardhi ya juu ikawa finyu kwa wajukuu, na watu wakaanza kushuka kuhamia kabisa.

Walikoshuka walikuta mashamba mapana, na waliwazika watoto wengi. Wapimaji wa mradi wa Pare-Taveta walipoanza kuandika, waliona kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 165 walikuwa hawafikishi mwaka mmoja. Hiyo ni mtoto mmoja katika kila sita. Mama aliyezaa mara saba au nane alitarajia, bila kulitamka, kwamba kaburi moja au mawili yatakuwa ya wachanga, na hapo hatujahesabu waliokufa baada ya kutimiza mwaka.

Maandalizi ya mradi yalianza mwaka 1954, na upulizaji wenyewe mwaka 1955. Vikosi vilikwenda nyumba kwa nyumba na mabomba ya dildrini, vikapaka kuta na dari kwa ndani, kisha vikarudi baada ya miezi kama minane, na hivyo hivyo hadi mwaka 1959. Dildrini ni sumu kali inayokaa sana ukutani. Mbu akimaliza kunyonya damu hupenda kutua ukutani apumzike, na hapo ndipo ilipomkamata. Leo dunia imekwisha kuikataa: imo katika orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Wakati ule hakuna aliyewaza hivyo, na sidhani mama wa Maore aliyekuwa na mwanawe mwenye degedege angeikataa hata kama angeambiwa.

Matokeo yalikuja haraka. Mbu aina ya Anopheles funestus, aliyekuwa amezoea kuishi ndani ya nyumba pamoja na watu, alitoweka karibu kabisa. Nafasi yake kwenye mitego ikachukuliwa na ndugu zake wasiojali sana damu ya binadamu. Mtaalamu wa mbu Mick Gillies aliwachunguza ndugu hao kwa makini, na mmoja wao, aliyemtambua rasmi mwaka 1962, akampa jina la Anopheles parensis. Hivyo jina la Upare likaingia kwenye vitabu vya wadudu duniani kote. Daktari C. C. Draper naye alipima wekundu wa damu za watoto kabla na baada ya upulizaji, akaona umepanda. Watoto waliokuwa wamepauka kwa upungufu wa damu walianza kuchangamka. Na vifo vya wachanga vikashuka kutoka 165 hadi takriban 78 kwa kila 1,000, yaani chini ya nusu, ndani ya miaka michache tu, bila hospitali mpya na bila chanjo mpya.

Kisha upulizaji ukasimamishwa, kama ilivyokuwa imepangwa. Sasa ndipo hofu ya Kampala ilipopaswa kupimwa.

Jambo la busara zaidi katika mradi ule, kwa maoni yangu, lilifanyika hapa, baada ya mabomba kuhifadhiwa. Taasisi ya Amani haikufunga daftari. Kati ya 1962 na 1966 wapimaji, wakiongozwa na G. Pringle, waliendelea kupita kaya kwa kaya wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru, kisha ikawa Tanzania, na waandishi wale bado wanahesabu. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Maambukizi ya malaria yalirudi, lakini polepole, na funestus alichukua miaka kurejea. Vifo havikupanda kurudi pale vilipoanzia. Gharika iliyotabiriwa haikutokea.

Sababu zilizotajwa ni kadhaa, na iliyo na uzito zaidi ni kwamba katika muda ule dawa ya klorokwini ilikuwa imeenea. Ilipatikana zahanati na dukani, kwa bei ya senti. Mzazi alikuwa amejifunza kwamba homa ina dawa, na kwamba mtoto apewe mapema. Desturi hiyo ya kukimbilia kidonge ilibaki hata pale dildrini ilipoisha ukutani.

Hebu msomaji afanye hesabu ndogo hapa. Mtoto aliyezaliwa Maore au Ndungu mwaka 1957, katikati ya upulizaji, akanusurika kwa sababu ukuta wa nyumba yao ulipakwa dawa, alikuwa na miaka 65 wakati wa sensa ya mwaka 2022. Ameolewa au ameoa, ana wajukuu, pengine watoto wake wako Dar es Salaam na Arusha. Na umri huo wa miaka 65 ndio umri wa presha, wa sukari, wa kiharusi na wa saratani. Kizazi kilichookolewa na mabomba ya Pare-Taveta ndicho hicho hicho sasa kinachoanguka ghafla bafuni alfajiri na kuzinduka mkono mmoja umelegea. Wanaosema magonjwa haya yametujia na chipsi wanasahau kwamba ili mtu afe kwa kiharusi lazima kwanza asife kwa malaria akiwa na miezi minane.

Mmisri Abdel Omran aliliandika wazo hilo kwa ujumla mwaka 1971: jamii hutoka katika vifo vya maambukizi na njaa, vinavyochukua watoto, na kuingia katika vifo vya magonjwa sugu, vinavyochukua watu wazima. Kwenye karatasi linaonekana kama safari iliyonyooka. Upareni haikuwa hivyo.

Kwanza, malaria haikuondoka kwa mara moja. Miaka ya 1980 na 1990 klorokwini ilianza kushindwa, vimelea vikaizoea, na Tanzania ikalazimika kuiacha mwaka 2001 na kutumia dawa ya SP, ambayo nayo ilidumu miaka michache tu hadi dawa mseto ya ALu ilipoingia mwishoni mwa 2006. Katika kipindi hicho, mwaka 1990, mradi wa umwagiliaji wa Ndungu uliojengwa kwa msaada wa Japani ulikuwa umeanza kujaza maji kwenye mashamba ya mpunga. Watafiti waliochunguza mashamba ya mpunga kaskazini mwa Tanzania waligundua jambo la ajabu kidogo: mpunga huzaa mbu wengi, lakini vijiji vya mpunga mara nyingi havina malaria nyingi kuliko jirani zao, kwa sababu mkulima wa mpunga ana fedha za chandarua na dawa. Baada ya mwaka 2000 vyandarua vyenye dawa vilienea, na wilaya jirani ya Korogwe, ambako vipimo vilichukuliwa mwaka hadi mwaka, ilionyesha malaria ikiporomoka. Utafiti wa taifa wa 2022 uliwakuta watoto wachanga wanaokufa nchini ni 33 kwa kila 1,000. Linganisha na wale 165 wa miaka ya 1950.

Pili, katikati ya safari hiyo uliingia ukimwi. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Kilimanjaro haikukawia kufikiwa, hasa kwa sababu vijana wa mkoa huu ni watu wa kusafiri na kufanya biashara. Vifo vikarudi katikati ya umri: si mtoto wala mzee, bali baba wa miaka 35 na mkewe. Upareni kama Uchagani, wengi waliougulia mijini walirudishwa nyumbani kufia kwa wazazi. Daftari la kijiji, kama lingekuwepo, lingeonyesha vifo ambavyo mzizi wake ulikuwa Dar es Salaam.

Kwa bahati nzuri lilikuwepo daftari, ila si Upareni. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: sehemu za Dar es Salaam, Morogoro Vijijini, na wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika mkoa uleule ilimo Same. Wahesabu walipita kila kaya. Palipotokea kifo, mtumishi aliyefunzwa alifika kwa wafiwa, akaketi nao na kuuliza: aliugua muda gani, alikohoa, alivimba miguu, alianguka ghafla, alikuwa akikojoa mara kwa mara? Majibu hayo yalipelekwa kwa madaktari, nao wakakata shauri ni ugonjwa upi ulioua. Njia hiyo ina makosa yake, lakini mahali ambapo watu hufia nyumbani hakuna iliyo bora.

Mwaka 1996 Henry Kitange na wenzake walitoa matokeo ya kwanza, na wengi hawakuyategemea. Kati ya vijana 100 wa kiume waliofikisha miaka 15 Hai, 37 wangekufa kabla ya kutimiza 60. Kwa wanawake walikuwa 26. Morogoro Vijijini hali ilikuwa mbaya zaidi: 58 kwa wanaume na 48 kwa wanawake. Miaka yote hiyo sera ya afya ilikuwa imejengwa juu ya mtoto na mama mjamzito, na ilikuwa haki ijengwe hivyo. Lakini ilibainika kuwa aliyevuka utoto hakuwa amevuka hatari. Ukimwi na kifua kikuu vilichukua wengi. Kando yao, magonjwa yasiyoambukiza, kiharusi kikiwemo, yalikuwa tayari yameketi ndani ya nyumba, wala hayakungoja ukimwi uondoke ndipo yaingie.

Hapa si vibaya kurudi nyuma kidogo. Daktari Donald McLarty wa hospitali ya Muhimbili, pamoja na Andrew Swai na wengine, walikwishapima sukari ya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Kwa upande wa kisukari, kijiji cha Mtanzania wakati huo kilikuwa salama. Mwaka 2012, utafiti wa taifa ulipima watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta asilimia 9.1 wana kisukari na asilimia 25.9 wana shinikizo la juu la damu. Makundi hayo mawili hayakuwa ya umri mmoja wala ya aina moja, kwa hiyo mtu asiziweke namba hizo ubavu kwa ubavu kana kwamba ni mizani moja. Hata hivyo pengo lake ni kubwa mno kulielezea kwa tofauti ya vipimo peke yake.

Kuhusu kiharusi, Hai na Dar es Salaam zilihesabiwa tena kati ya 2003 na 2006. Timu ya Richard Walker ilipokwisha kusawazisha umri, ilikuta wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka ni takriban 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam. Jiji lilikuwa limeipita milima karibu mara tatu. Mtu anayetoka Maore kwenda kutafuta maisha Mbagala, Dar es Salaam, hubeba begi, na akifika huko huongeza uzito na kupunguza mwendo. Watafiti waliowafuata wahamiaji kutoka Morogoro vijijini hadi Dar es Salaam walilishuhudia hilo ndani ya mwaka mmoja. Kisha, akistaafu, hurudi Upareni na mwili alioupata mjini.

Lakini mlima haujabaki kama ulivyokuwa. Walipopimwa wazee zaidi ya 2,000 wa Hai waliotimiza miaka 70, karibu asilimia 70 walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Ndivyo presha ilivyo: haiumi, haichomi, haina homa. Mzee analima, anapanda kilima, anakwenda kanisani au msikitini, na moyo wake unasukuma dhidi ya mishipa iliyokakamaa, mpaka siku mshipa mmoja unapopasuka au kuziba kichwani.

Kuhusu chakula, nitasema machache kwa sababu kila mtu ana la kusema. Makande ya Mpare, mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa muda mrefu, hayakuwa chakula cha kumpa mtu kisukari, hasa mtu aliyepanda na kushuka kutoka Maore hadi Bombo au Vuje kwa miguu. Wali wa tambarare, mafuta yaliyotiwa bila kipimo, soda kwenye kila sherehe na bodaboda kwa kila safari ni mkusanyiko mwingine. Pombe ilikuwepo tangu zamani: dengelua ya miwa si jambo la jana. Waadventista waliojenga misheni Mamba mwaka 1903 walihubiri kuacha pombe na tumbaku pamoja na Injili, muda mrefu kabla wizara yoyote haijachapisha bango, na katika vijiji vingi vya Upare Kusini fundisho hilo limeshika mizizi hadi leo. Katika jambo hili nadhani wamisionari walitangulia madaktari.

Kuna moja ambalo watu hawalisemi. Mkoa wa Kilimanjaro uko katika ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani nyingi ya koo la chakula, na wagonjwa wake hufika hospitali ya KCMC, Moshi, wakiwa wamekwisha kushindwa kumeza. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa Kilimanjaro walipima joto la chai ya watu 188 pale wanapoanza kuinywa, na wastani ukawa nyuzi 70.6 za Selsiasi. Chai ya maziwa ilinywewa ikiwa moto zaidi, kwa kuwa hupoa taratibu. Mwaka uliofuata taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani ilitangaza kwamba vinywaji vinavyopita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Ushauri ni mwepesi kuliko yote katika makala hii: iache ipoe. Sijui kama nitamshawishi Mpare wa Mamba kwenye baridi ya mwezi Julai.

Nikirudi kwenye historia, ugumu wa kweli si kwamba magonjwa yamebadilika. Ugumu ni kwamba nyumba ya tiba ilijengwa kwa ajili ya magonjwa yanayokuja na kuondoka. Zahanati ya tambarare ilizoea homa: mgonjwa anafika, anachomwa kidole, anapewa dozi ya siku tatu, anarudi nyumbani. Chanjo nazo ni hivyo: tarehe, sindano, kadi. Presha inataka kidonge kila siku hadi kufa. Kisukari kinataka kipimo, chakula, miguu iangaliwe, na kwa wengine insulini inayohitaji jokofu. Watafiti waliozuru vituo vya afya Mwanza na Kagera waliona kwamba hospitali angalau zina uwezo fulani wa kutibu presha na sukari, lakini zahanati, ambako mgonjwa wa kijijini anaanzia, nyingi hazikuwa na dawa wala maarifa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza waliotimiza miaka 60. Ahadi hiyo inakwama dirishani, pale mzee anapoambiwa dawa hakuna, nenda kanunue dukani. Ananunua za wiki mbili. Zikiisha anajisikia vizuri, anaacha. Kutoka Maore hadi Moshi kwa daktari bingwa ni safari inayompotezea siku mbili na nauli ya kwenda na kurudi.

Na bado nchi hii imekwisha kujifunza kutibu ugonjwa wa maisha yote. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipoanza kutolewa bure kuanzia 2004, kila kituo kilichohusika kilijenga kliniki yake: kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, mhudumu wa kumfuatilia aliyekosa, dawa zinazofika kwa wakati. Watu walioambiwa hawana miaka miwili wakazeeka. Watafiti wa Tanzania na Uganda, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) ikiwemo, wakiongozwa na watu kama Sayoki Mfinanga, walijaribu kuwaweka wagonjwa wa ukimwi, presha na kisukari kwenye kliniki moja katika vituo 32, na matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kwamba wenye virusi hawakuathirika kwa kuchanganywa. Njia ipo, imepimwa, na kinachotakiwa ni fedha na uamuzi. Mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulizinduliwa Dodoma mwaka 2019, na sheria ya bima ya afya kwa wote ikapitishwa mwaka 2023. Vyote viwili vitapimwa na sanduku la dawa za presha katika zahanati ya kijiji, si na hotuba.

Lakini nani atajua kama vimefaulu? Mradi ule wa 1992 wa kuhesabu vifo Hai na kwingineko ulikwisha kufungwa. Wilaya ya Same ilikuwa na watu 212,325 mwaka 2002 na 269,807 mwaka 2012, na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye uwiano mkubwa zaidi wa wazee nchini. Wazee hao hufia nyumbani na kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo, na wengi wao hawaandikwi popote. Miaka ya 1950 mkoloni, kwa sababu zake, alijua ni watoto wangapi wanakufa tambarare ya Upare, na kwa kujua huko jibu la Kampala likapatikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba theluthi ya vifo vya Tanzania vinatokana na magonjwa yasiyoambukiza. Ni makadirio. Ofisi ya kata haina namba ya kuyathibitisha wala kuyakanusha.

Watani wa Wapare hupenda kusema kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kama kweli ana moyo huo wa kufuatilia, hapa pana jambo linalostahili. Sheria inataka kifo kiarifiwe kwa msajili ndani ya siku 30, na mtendaji wa kijiji anajua utaratibu wa RITA, wakala wa usajili. Mkimzika mzee, msiishie kwenye matanga: mwandikisheni, na pale pa sababu ya kifo semeni kila mnachojua, kama alikuwa na presha, kama alipooza, kama alikuwa haachi kukojoa usiku, tangu lini. Na wewe uliyezaliwa miaka ile ya mabomba, kapime presha yako wiki hii.